Siri Iliyohubiriwa Lodwar

Arek alikuwa ameketi safu ya tatu katika kanisa moja la Lodwar, kati ya wanawake waliotoka naye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa lori, aliposikia habari za mama yake zikitolewa mimbarani.

Aliyehubiri alikuwa Chepchumba, muuguzi ambaye wote walimwita Sista. Kwa miaka miwili alikuwa akifika Kakuma kila mwezi, akishamaliza kuhudumia wagonjwa anaingia nyumbani kwa Arek na Biblia kwapani. Ndiye aliyemfundisha kusoma Kiswahili, kufunga, kuomba, hata kusimama mbele ya wanawake wenzake na kuwaongoza. Na ni yeye peke yake ambaye Arek alimfungulia moyo: kwamba mwaka wa tisini na mbili, walipokimbia vita Sudan kuelekea Lokichoggio, mama yake miguu ilimwishia, naye Arek, mtoto wake mchanga mgongoni, akamwacha njiani akimwambia anakwenda kutafuta maji, huku akijua hatarudi.

"Kuna dada mmoja wa Kakuma," ndivyo Sista alivyoanza.

Jina hakulitaja, wala hakukuwa na haja. Alitaja maji, akataja mtoto mchanga mgongoni. Wanawake wa Kakuma wakageuka mmoja mmoja. Jirani yake Nyaruach alimshika mkono, Arek akauchomoa. Kanisa zima lililia, na wengi wakapita mbele kuombewa. Yeye alitoka nje, akakaa juani kando ya lori mpaka lilipoondoka.

Siku zilizofuata hakuna aliyeweza kusema naye. Ugali uliungua, muuza kuni alitukanwa bure. Hata alipotaka kuomba, maneno yaliyomjia yalikuwa yale ya Sista, laini na yaliyopangwa. Aliyatema. Akamwambia Mungu kwa Kidinka mambo ambayo hakuwahi kuthubutu: kwamba Naye alikuwapo njiani siku ile, na maji hakuleta. Aliyasema wima, ngumi zimekazwa. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba bila kuazima maneno ya mtu.

Sista alipokuja mwisho wa mwezi, Arek hakumpa kiti. Sista alisalimu, akaeleza akiwa amesimama mlangoni kwamba wanawake kumi na mmoja waliokoka siku ile, na kwamba alidhani ushuhuda huo ungewajenga wengine.

"Ushuhuda ni wa aliyeona," Arek akasema. "Wewe uliona nini?"

Arek hakumngoja ajibu.

"Mimi nililia mbele yako, wewe ukaenda kuhesabu waliookoka. Mama yangu si mahubiri."

Sista akaanza kupiga magoti, akasema wamlilie Bwana pamoja, yaishe.

"Usiniombee," Arek akasema. "Leo usiniombee."

Muuguzi akainuka, akaenda zake.

Mwezi uliofuata Sista aliwakusanya wanawake wote wa Kakuma waliokwenda Lodwar. Hakuirudia habari ile. Aliwaambia kwamba aliambiwa jambo la siri akalifanya chakula cha watu, na kwamba lililomsukuma halikuwa upendo, ni utamu wa kuona kanisa likilia kwa sababu yake. Alisema hayo akimtazama Arek. Hakuna aliyepiga makofi wala kuanzisha wimbo. Baadhi ya wanawake walimtazama Arek wakitarajia amkumbatie mwalimu wake, lakini alibaki palepale, taya zimefungwa.

Watu walipotawanyika, Sista alimfuata, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kurudi.

Arek angemfukuza, na moyo wake ungefurahi. Lakini huyu ndiye aliyekaa naye siku nyingi akimshikisha herufi moja moja, na leo alikuwa amejivua nguo mbele ya watu bila kulazimishwa.

"Njoo," Arek alisema. "Tutasoma. Ila mahali pa kusoma nitachagua mimi, na yangu sitakuambia tena."

Sista alikubali.

Alipofika tena, Arek alimpa kiti, akafungua Biblia mahali ambapo mtu wa Mungu anagombana na Mungu wake. Sista alipofungua mdomo kueleza, Arek aliinua mkono kumzuia. Akasoma sura nzima kwa sauti, bila msaada, mpaka koo likakauka. Hasira ilikuwa bado imo moyoni. Akafungua sura iliyofuata.