Aliyekwaruza Ukutani

Dorine alijijengea nyumba mwenyewe, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Kwao Karungu, wazee walishikilia kwamba mjane hajengi. Hujengewa na atakayemrithi. Na mrithi alikuwa tayari: Boaz, mdogo wa marehemu mumewe, Cliff, bwana ambaye choo chake mwenyewe hakina paa. Alikuwa keshajichukulia koti la marehemu, alibakiza mke tu. Dorine akamkataa. Kiangazi kilipokausha kinamasi kando ya ziwa, akachimba udongo huko, akafyatua matofali, akayajengea mabichi vilevile.

"Sawa, shemeji," Boaz akamwambia. "Lakini mvua ya kwanza tu, Cliff atakuja kukwaruza huo ukuta."

Upuuzi, ndiyo. Lakini upuuzi ukishaingia moyoni, nani wa kuutoa?

Mvua ikaja alasiri. Paa likavuja pembeni, maji yakateremka ukutani, na humo ndani ya ukuta kitu kikakwaruza. Dorine akasimama, kikanyamaza. Akaketi, kikakwaruza tena, kisha kikahema kama mtu anayeamka. Akaimba pambio. Akamtukana Cliff, akamwomba msamaha. Akatoka mvuani, akarudi, akatoka tena. Aliogopa, tusimpambe. Kesho yake mvua ilirudi, na kile kitu nacho, naye akamtuma jirani: "Mwambie Boaz aje. Nimeshindwa."

Boaz alifika upesi, koti la marehemu mabegani, akaketi kama mwenye nyumba.

"Si nilikuambia?"

Nyuma ya kichwa chake ukuta ukakwaruza. Tofali likamomonyoka, kitu kizito kikaanguka pwata! na Boaz hakungoja kukitazama. Alitoka mbio akilia, "Kaka, nisamehe!"

Dorine ndiye aliyetazama. Kile kitu kilikuwa kamongo, yule samaki wa matope anayevuta hewa kama sisi, ambaye maji yakikauka hujizika akangoja mvua. Kumbe alimchimba pamoja na udongo, akamjenga ukutani kwa mikono yake. Akacheka hadi machozi, kisha machozi yakawa ya kweli, maana ilibaki kidogo tu auze maisha yake kwa sababu ya samaki. Akamtia kwenye karai, akamrudisha ziwani, akaziba tundu.

Jioni Boaz alisimama mbali, nje ya ua.

"Shemeji, ameondoka?"

"Bado yupo," Dorine akajibu. "Anasema nyumba imempendeza. Ila anaulizia koti lake."

Boaz akalivua palepale, akalitundika kwenye ua, akaenda zake.