Sauti Iliyofika Nesitu

Katika kikundi chao hapakuwa na kura. Jambo likiletwa lilizungumzwa mpaka kila mmoja aseme ndiyo. Mmoja akinyamaza, halikupita. Mwenyekiti wao, Fortunato, aliitoa desturi hiyo kwenye semina moja Kampala. Alisema mtandao wa intaneti ni wa wote, basi wanaoutetea hawana ruhusa ya kumburuta mtu. Natalina aliipenda sana desturi hiyo. Siku ile yeye ndiye aliyenyamaza.

Ilikuwa miaka ya vita, na wakubwa wa serikali walikuwa wakisema dawa ya uchochezi ni kuufunga mtandao. Suzan alikuwa ameshafunga begi lake. Alfajiri angepanda basi kupeleka Kampala tamko la kikundi, kwenye mkutano wa vikundi vya raia, kuomba mtandao usifungwe. Chumba chao cha Gudele, mtaani Juba, kilikuwa kinachoma kama tanuri.

"Dada Natalina, tunakungoja wewe tu," Suzan alisema.

"Nasikia."

"Sasa?"

"Acheni wafunge."

Fortunato alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Matanga ya Emilio, kaka yake Natalina, yalikuwa yameanuliwa juzi tu. Emilio alikuwa akileta unga na vitunguu kwa lori kutoka Nimule, mpakani. Sauti ya mtu asiyejulikana ilisambaa kwenye simu, kwa Kiarabu cha Juba, ikisema lori la buluu lenye turubai lililochanika limeficha risasi chini ya magunia. Vijana walilisimamisha Nesitu, njiani kuja Juba. Magunia yalipasuliwa yote, ukatoka unga mtupu, lakini Emilio alikuwa ameshakufa.

"Uongo ule ndio adui yetu," Fortunato alisema taratibu. "Tamko linasema hivyo. Na tuliupinga siku ileile."

"Tuliupingaje?"

"Tulituma onyo."

"Kwa lugha gani, mwenyekiti?"

Fortunato alivaa miwani yake tena. Siku za matanga, kule Gumbo ng'ambo ya daraja, Lokosang, dereva mwenzake Emilio, alikuwa amekuja kuketi mkekani karibu na Natalina, akamsogezea simu sikioni. Ilikuwa sauti ileile. "Hii ilifika Nesitu kutoka kwenu," alisema, kama mtu anayeomba radhi. Natalina alitazama, akaona ni kweli. Kikundi kilikuwa kimewatumia watu sauti nzima, na chini yake Fortunato aliandika kwa Kiingereza kizuri kwamba habari hiyo ni ya uongo. Wanaosoma walisoma. Wauza chai na waziba pancha wa barabarani walibonyeza, wakasikiliza.

"Si ninyi mlikuwa mkinitania kwamba Kiingereza changu kinavaa tai hata kwenye joto hili?" Fortunato alisema. Alijaribu kucheka, akaona hakuna wa kumfuata.

"Liandikwe kwenye tamko," Natalina alisema. "Mwanzo kabisa. Kwamba na sisi tuliusambaza."

"Dada, watatugeuzia!" Suzan alisimama. "Watasema hata watetezi wanaeneza uongo. Tutawapa kufuli kwa mikono yetu."

"Si tuliueneza?"

Suzan alikaa.

"Andika, Suzan," Fortunato alisema. Kisha akamgeukia Natalina. "Nilikuwa naja kwenye kilio. Nilifika darajani, nikarudi."

"Niliona hukuja."

"Na bado unataka wafunge?"

Natalina aliinamisha kichwa. Tangu mazishi hakuwa ametaka kitu kingine; alitamani simu zote zinyamaze, kila mtu abaki na maneno yake mdomoni.

"Nilitaka," alisema. "Lakini wakifunga leo, watu wa Nesitu watabaki na sauti ile ya kwanza. Shika simu, Fortunato. Sema kwa mdomo wako, kwa Kiarabu. Usiandike kitu."

Fortunato alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, na Kiarabu cha Juba kilimpiga chenga. Alianza, akakwama, akaanza tena. Suzan alimrekebisha neno moja kwa sauti ya chini. Mwishowe alisema Emilio alibeba unga. Alisema aliyetaja risasi alidanganya, na kwamba kikundi cha Fortunato mwenyewe ndicho kilichowafikishia watu wa Nesitu uongo huo. Akamtaja Emilio kwa jina mara ya pili, akaishia hapo.

"Ndiyo," Natalina alisema. Tamko likapita.

Jioni alivuka daraja kwenda Gumbo. Goretti, mjane wa Emilio, alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Natalina aliketi kando yake, akamwekea sauti ya Fortunato. Goretti aliisikiliza mpaka mwisho, vidole vimesimama juu ya maharage.

"Waliosikia ile nyingine," aliuliza, "hii itawafika wote?"

"Si wote, wifi."

Goretti aliokota kijiwe, akakitupa uani.

"Kiarabu chake kibaya," alisema. Akausukuma ungo kando. "Iweke tena."