Ndala za Shemeji

"Ulikuwa unatafuta ndala."

"Shemeji, ngoja kwanza nikueleze, sakafu ilikuwa..."

"Kaka yako kakamatwa na umeme, kakakamaa kama kola iliyotiwa wanga, na wewe uko chini ya meza unatafuta ndala."

"...sakafu ilikuwa chapachapa, na mimi miguu mitupu. Ningemshika vile, tungekwenda wote wawili."

"Kwani ulikuwa unaenda kuoga?" mke wa dobi akauliza.

Mteja aliyefuata suruali yake akaona bora apite kesho.

Dobi mwenyewe alikuwa kwenye benchi, kiganja kimefungwa bendeji, karudi kutoka hospitali asubuhi hiyo. Yeye hakumbuki kitu. Anakumbuka anapiga pasi shati jeupe, kisha anakumbuka dari la wodini. Kwa hiyo habari yote mkewe aliipata kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye aliona kila kitu dirishani na hajaacha kusimulia mpaka leo.

Fundi viatu alisema hivi: dobi alipong'ang'aniwa na pasi, mdogo wake alimpita mbio, akatokomea nyuma ya duka. Akarudi. Akavaa ndala. Akachukua fagio, akaupiga mkono wa kaka yake kwa ule mpini wa mti mpaka pasi ikaanguka. Kisha akapiga magoti kando yake na kumkandamiza kifua kwa nguvu zake zote, mpaka ubavu ukapata ufa.

Na duka hili waliachiwa na baba yao. Mkubwa akiondoka, anabaki nani? Mke wa dobi alikuwa amelipigia hesabu hilo wodini, akimwangalia mumewe anavyopumua.

"Alikuwa hapumui," shemeji yake akasema. "Ningemwacha?"

Kweli, daktari alisema aliyemkandamiza kifua ndiye aliyemrudisha. Lakini daktari hakuambiwa habari za ndala.

"Tuache kifua. Kule nyuma ulikwenda kufanya nini?"

"Kuzima swichi kubwa."

"Ukaizima?"

Shemeji akaangalia ukutani.

"Nakuuliza wewe, ukaizima?"

"Hapana."

Dobi akainua kichwa. Mkewe akahisi amemshika shemeji pabaya. Na huo mkono wa kulia, mbona tangu asubuhi hautoki mfukoni? Hata chai kanywa kwa kushoto.

"Basi naenda kuangalia mwenyewe," akasema.

Akapita kwenye mabeseni na maji ya sabuni, miguu mitupu kama kawaida yake, mpaka kwenye kikabati cha bati kinachofunika swichi kubwa. Kufuli ilikuwa inaning'inia pale pale. Aliifunga yeye mwenyewe mwezi uliopita, maana kila akitoka kupeleka nguo za watu, na siku hiyo kuna mpira, akirudi anakuta pasi imelala, shemeji kaenda kutazama mpira, na anaambiwa umeme ulikatika. Yeye si mtoto. Akafunga, ufunguo akautia kamba, akauvaa shingoni.

Akasogea karibu. Pembe ya kile kimlango ilikuwa imekunjwa kwa nje. Bati limekwaruzwa, lina damu iliyokauka, na kwenye upenyo kumenasa kipande cha ukucha.

Aliporudi mbele, sauti ilikuwa imeshuka.

"Toa mkono mfukoni."

"Achana nao, shemeji."

"Utoe."

Akautoa. Vidole vitatu havikuwa na kucha.

"Kufuli haikutoka," akasema. "Nikaona nikiendelea kuhangaika nayo, atakufa. Ndiyo nikarudi kwenye ndala na fagio."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba ufunguo ulikuwa umetoka nao?" Akamwonyesha kaka yake kwa kidevu. "Mbele yake? Na zile habari za mpira ni kweli, umeme nilikuwa nauzima mimi."

Dobi akamtazama mdogo wake, akamtazama mkewe, akaitazama ile kamba shingoni. Nje fundi viatu alikuwa ameacha kugonga nyundo, sikio lote huku.

Mke wa dobi akarudi nyuma. Ikasikika kufuli ikifunguka, halafu ikitumbukia kwenye ndoo ya maji. Alipotokea tena shingo ilikuwa tupu. Wanaume wote wawili wakakaa mkao wa kusikia, kila mmoja akidhani anajua neno linalokuja.

Yeye akaangalia miguu yake inayochuruzika maji.

"Shemeji," akasema, "hebu nitafutie na mimi ndala."