Uso wa Pasipoti

Kifungua mimba wangu alikuwa anaondoka Jumatatu kwenda kusomea ukunga, mbali, na alitaka kitu kimoja tu ambacho nilishindwa kumpa: picha yangu.

Usinicheke. Mimi ni mpiga picha. Nina stashahada ya kazi hiyo, nina studio yenye taa mbili na kitambaa cheupe ukutani, na nusu ya watu wa mtaa huu wanatembea na sura zao mfukoni nilizozipiga mimi. Pasipoti, vitambulisho, leseni. Kaa wima. Shusha kidevu. Masikio yaonekane. Funga mdomo, usipepese. Tayari, anayefuata.

"Nina za Baba, nina za shangazi, nina mpaka ya kuku wako," binti aliniambia akipekua simu yake. "Yako sina."

"Ipo ile ya kitambulisho."

"Mama, kwenye ile unaonekana umekamatwa."

Basi Jumamosi asubuhi nikafunga mlango wa wateja, nikakaa kwenye kigoda changu mwenyewe, yeye akashika kamera.

"Cheka, Mama."

Nikacheka. Akatazama alichopiga, akanyamaza kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Sema tu."

"Umeng'ata meno."

Tukarudia. Nikageuka upande, nikaegemea ukuta, nikashika ua la plastiki, na ua la plastiki silipendi. Wapi! Kamera ikinielekea tu, mgongo unanyooka wenyewe, kidevu kinashuka, midomo inabana. Nilikuwa nimewaamrisha watu miaka yote hiyo, kumbe na mwili wangu ulikuwa umekaa pembeni unajifunza.

Mume wangu alipita akitokea kazini, viatu vimejaa saruji. Ni fundi mwashi, na anajiona fundi wa kila kitu.

"Hamjui kumchekesha," akasema. "Mama Watoto, hebu fikiria siku tuliyofunga ndoa."

Nikafikiria. Binti akabofya.

"Sasa amekasirika," akasema.

"Siku ile ulichelewa," nikamwambia mume wangu.

Kufikia mchana tulikuwa na rundo la picha za mwanamke yuleyule. Yoyote kati ya hizo ingepokelewa na ofisi yoyote bila swali. Binti akakaa chini sakafuni, akaiweka kamera mapajani. Hakulia, huyu ni mwanangu, halii ovyo. Lakini alisema kwa sauti ndogo:

"Nikiwa kule nitakuwa naitazama kila siku. Naogopa akili itaizoea hii, halafu sura yako yenyewe iniponyoke."

Nilijua anachosema ni kweli. Watu huniletea kitambulisho cha marehemu wao nikikuze. Wanaishika ile picha iliyokuzwa, wanaitazama, wanasema, "Ndiye. Ila siye." Wanaondoka nayo hivyohivyo, maana hawana nyingine.

"Twendeni nje," mume wangu akasema. "Humu ndani mmeshaanza kufanana na kitambaa."

Nyuma ya studio kuna mfereji, na juu ya mfereji kuna mti wa miiba. Msimu ule ulikuwa umejaa ndege wa manjano, wale wanaosuka viota vyao kwa majani mabichi na kuvining'iniza kwenye ncha za matawi. Makelele yao nilikuwa nayasikia kila siku nikiwa kazini. Kuwatazama, sikuwahi. Nani ana nafasi?

Binti alitoka na kamera. "Bora nipige ndege," akasema. "Wao hawajui pasipoti."

Dume mmoja alikuwa amemaliza kiota. Alining'inia chini yake kichwa chini miguu juu, akapigapiga mabawa na kupayuka kama dalali. Jike akaja. Akaingia, akatoa kichwa, akavuta jani moja kwa mdomo. Likachomoka.

"Ameona!" nikasema. "Ameona kazi mbovu!"

Jike akavuta la pili. Likachomoka nalo. Dume akazidisha makelele.

"Usimsikilize, dada!" nikamwambia yule jike. "Mlango umekaa kombo, mvua itaingia yote! Mwambie abomoe!"

"Jamani, mwache mwanamume mwenzangu," mume wangu akasema. "Kahangaika tangu asubuhi."

"Kahangaika na nini? Wewe mlango wa jikoni ulihangaika nao wiki nzima, mpaka leo tunaufunga kwa teke!"

Jike akaruka, akaenda zake. Dume akabaki ameduwaa, kisha, naapa, akaanza kukifumua kiota chake jani kwa jani, kwa hasira. Mume wangu akashika kichwa kwa mikono miwili, akaguna, "Maskini, namjua huyu!" Nami nikapasuka kwa kicheko hadi nikatafuta mti wa kushika, nikakumbuka una miiba, nikamshika yeye.

Nilipojifuta macho, binti alikuwa ameielekeza kamera kwangu. Hata sikumsikia akibofya.

"Lete nione."

Akanionyesha. Kichwa kimeenda nyuma, jicho moja limefumba. Mdomo wazi mpaka pengo la gego linaonekana. Kilemba kimeteleza. Mkono wangu ni ukungu mtupu, na upande wa kulia kuna kiwiko cha mtu chenye saruji.

"Futa," nikasema.

"Sifuti."

"Hiyo angeniletea mwanafunzi ningemrudishia. Haina hata sehemu moja iliyo sawa."

"Huyo ndiye mama yangu."

Mume wangu akachungulia juu ya bega lake. "Ndiye," akasema. Hakuongeza mzaha.

Niliitazama tena. Wao wawili walimjua yule mwanamke vizuri sana. Mimi sikuwahi kumwona. Kwenye kioo simkuti, kwa sababu nikifika kwenye kioo nimeshajipanga. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote, na wenzangu ndio waliokuwa wakimwona kila siku, mezani, jikoni, bila mimi kujua kwamba yupo. Nikaona wivu kidogo. Kisha nikaona raha.

Tulirudi ndani, nikaifungua picha kwenye kompyuta. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mistari ya kukata: kichwa katikati, kiwiko nje. Binti alisimama nyuma yangu, pumzi ameibana.

Nikaondoa mkono. Nikatia karatasi nzuri, ile ninayowawekea maharusi, nikaichapa kubwa, pamoja na kile kiwiko cha baba yake.

"Ishike pembeni," nikamwambia. "Wino haujakauka."