Shela Juu ya Kabati la Mitambo

Niseme mapema: juma lile la kuelekea harusi yangu nilikuwa nimependa mpaka nimechanganyikiwa, na mtu wa namna hiyo hafai kupewa bisibisi.

Tulifika ofisi ya usajili wa ndoa saa tano asubuhi. Nilivaa gauni jeupe na shela ndefu, vyote vimeshonwa na bwana harusi mwenyewe, ambaye ni fundi cherehani. Bibi mzaa mama, aliyenilea, alikuwa amesafiri siku mbili ili ashuhudie, na kesho yake alikuwa anarudi.

"Mtandao umekufa," msajili akatuambia. "Kabati la mitambo limepata joto, likajizima. Bila mtandao hakuna ndoa wala cheti. Na mimi saa sita kamili naanza likizo ya mwezi mzima."

"Mwezi!" Bibi akaruka. "Mwanangu, magoti haya unayaona? Hayafiki mara ya pili."

Nikaomba ufunguo wa chumba cha mitambo. Msajili akanitazama kuanzia shela mpaka viatu. Nikamkumbusha kwamba kabati lile nalihudumia mimi, na juma lililopita tu nilibadilisha feni zake za juu. Moja ilikuwa imekufa, nyingine ikikwaruza.

Wote wakanifuata ndani. Kabati lilikuwa la moto kama pasi. Nikaliwasha. Feni zote nne zikazunguka vizuri, kimya kabisa. Sasa shida ni nini? Mbili za chini huingiza hewa baridi, mbili za juu hutoa ya moto. Nikainama juu ya kabati nisikilize vizuri, na shela ikanitangulia. Badala ya kupeperushwa juu, ikanyonywa ndani, shwaa! Feni ikaisokota, nami nikabaki nimeinamisha kichwa kama anayeomba radhi.

Na kweli nilipaswa kuomba radhi. Ubavuni mwa kila feni kuna mshale mdogo unaoonyesha hewa inakoelekea, na mishale ya zile za juu ilitazama chini. Nilikuwa nimezifunga kichwa chini miguu juu. Juma zima feni nne zilipuliza ndani, na joto halikuwa na pa kutokea.

"Mjinga gani alifunga hivi?" msajili akauliza.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. "Ni mimi. Nilikuwa nashika skrubu ya kwanza, bwana harusi huyu akanipigia simu kuniuliza kama nitakubali anioe."

Bibi akaangua kicheko, akashikilia ukuta. Msajili naye akashindwa kujizuia.

"Basi kosa ni letu sote," bwana harusi akasema. Akatoa mkasi mfukoni na kuikata shela, kazi yake ya siku tano, bila kukunja uso. Nikazima umeme. Mimi nikafungua, yeye akazishika skrubu midomoni kama pini. Tukazigeuza feni, tukahakikisha mishale mara mbili, Bibi akahakikisha ya tatu. Nikawasha umeme, hewa ya moto ikatoka juu, na mtandao ukarudi.

Saa sita kasoro dakika tano tulikuwa mbele ya kompyuta, tumeshatamka kwamba tunakubali kuoana, Bibi akiwa shahidi.

"Kazi ya bibi harusi?" msajili akauliza.

"Fundi," Bibi akawahi kujibu. "Lakini andika kwa penseli."

Kabla ya kuondoka nilifunga kipande cha shela kwenye matundu ya juu ya kabati. Mpaka leo kinapepea kwenda nje, na kila nikienda kulihudumia nakitazama kwanza, huku simu nimeizima.