Tanki la Kama Mpya

Kwenye karakana ya mjomba tulikuwa tunarudishia taa za magari mng'ao wake. Lile bakuli la plastiki lililo nyuma ya balbu likifubaa, gari huona njia kama mzee asiye na miwani. Tunalisafisha, tunalitundika pamoja na mengine, jumla sabini, ndani ya tanki la chuma, pampu inavuta hewa yote, halafu vipande vya alumini vinapashwa moto mpaka vinakuwa mvuke. Mvuke huo unajipaka kila mahali, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.

Mimi nilifuta mabakuli na kuyatundika, na kila Ijumaa niliingiza kichwa na mabega ndani ya tanki kukwangua alumini iliyojipaka kusikotakiwa. Ni kazi isiyohitaji maneno, ndiyo maana niliipenda.

Kisha mshono wa tanki letu ukapasuka, na fundi akasema halichomeleki tena. Akiba ya mjomba ilitosha mtambo mmoja tu, mpya wa kuagiza au uliokwisha tumika. Akikosea kuchagua, karakana inafungwa na sisi sote sita tunarudi kukaa nyumbani.

"Baba, chukua mpya," alisema binamu yangu, binti yake, anayeandika barua za karakana. "Una dhamana ya miaka miwili."

"Na unafika baada ya miezi mitano. Wateja watanisubiri mimi nani, mvua?"

"Kwa hiyo huo wa mitumba, uliochoka kwa watu, uje ufie kwetu?"

"Huo wako nimeuona kwenye karatasi tu. Mbuzi kwenye gunia."

"Wa kwako nao umepakwa rangi tu, baba."

Walibishana hivyo wiki tatu. Mimi hawakuniuliza, na sikulaumu mtu.

Muuza mitambo iliyokarabatiwa tulimwita Kama Mpya, kwa kuwa ndivyo alivyosema kuhusu kila kitu uani kwake. Siku tuliyokwenda, mjomba, binamu na mimi, tanki lake liling'aa kwa rangi ya buluu. Alifunga mlango, akawasha pampu, na mshale wa geji ya hewa ukashuka mpaka chini.

"Dakika kumi na moja! La kwenu lilichukua ngapi?"

"Ishirini na tano," mjomba alikiri. Akatoa kalamu.

Letu lilichukua ishirini na tano likiwa limejaa, baada ya mlango kukaa wazi muda wote ninaotundika. Hili lilikuwa tupu, na mlango wake ulifunguliwa na kufungwa kama wa friji. Nikamvuta mjomba shati.

"Sema, mama," aliniambia. Huniita hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Tutundike mabakuli yetu kwanza. Yamo garini."

"Kumbe ana sauti!" Kama Mpya alicheka. "Nilidhani mmekuja na picha."

Nilitundika yote sabini bila haraka, kama kazini. Tukafunga. Dakika ishirini na tano zikapita. Arobaini. Mshale ulikuwa umekwama katikati.

"Si nilisema?" alisema binamu.

"Pampu ni mpya kabisa, wallahi!" Kama Mpya alijifuta jasho. Mjomba akarudisha kalamu mfukoni.

Hapo ningeweza kunyamaza na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini pampu ile ilivuma vizuri, bila kukohoa.

"Funga vali ya pampu," nilisema. "Tuuangalie mshale."

Ukapanda mbio, ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Lingekuwa tundu, ungeendelea kupanda," nilimwambia mjomba. "Tundu halichoki. Huu ni unyevu, na unyevu huchoka."

Niliomba spana, nikafungua bamba la ndani kabisa, lile linalokinga ukuta wa nyuma. Nyuma yake alumini ya miaka ilikuwa imegandamana kama gome la mti, ikimenyeka. Gome kama hilo hunywa unyevu kila mlango unapofunguliwa, kisha huutema pampu ikivuta. Waliolikarabati waliishia mikono yao ilipofika.

Kama Mpya alichungulia. "Mafundi wangu hawaingizi kichwa humo," alisema, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Tulikwangua siku mbili, mimi na vijana wake wawili. Siku ya tatu tulitundika tena sabini. Dakika ishirini na nane, kisha tukapasha moto alumini. Mabakuli yalipotoka, nilibandika utepe wa gundi juu ya moja na kuubandua kwa nguvu. Ulitoka mtupu, mng'ao ulibaki palepale.

Mjomba akanigeukia. "Tuchukue?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akaangalia pembeni makusudi. "Kichwa sikisikii."

Wote walikuwa wananitazama. Niliwafikiria wale wengine walioachwa karakana.

"Ule mpya siwezi kuusemea, sijauona," nilisema. "Hili nimelijua mpaka mgongoni. Litaugua, mjomba, lakini likianza nitalisikia mapema. Tuchukue."

Binamu hakubisha. Alivuta karatasi ya mauzo, akaisoma mpaka chini.

"Basi aandike hapa kwamba pampu ikifa ndani ya mwaka mmoja, anatuletea nyingine bure. Akikataa, tunaondoka."

Kama Mpya alikuna kichwa, akanitazama mimi, akalitazama tanki. Kisha akamwomba mjomba kalamu.