Bahasha ya Saa Tisa

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kidato cha pili, wanafunzi tisini na sita katika chumba kilichojengewa arobaini. Waliokosa madawati walikaa madirishani, na mwalimu wa Kiingereza alifundisha huku akihama kila baada ya dakika chache ili sauti yake iwafikie wote. Wanafunzi walimwita Madam Grama, wakidhani hajui. Asubuhi hiyo aliandika ubaoni sentensi za "kama", akawaomba wazimalizie kwa Kiingereza.

"Kama ningekuwa mwalimu," alisema binti mmoja wa dirishani, akilitafuta kila neno, "ningekuwa nimeshaondoka."

Darasa likaangua kicheko. Madam Grama naye alicheka, kisha akajikuta amesimama na chaki mkononi, mawazo yakiwa mbali.

Kwa miezi mitatu alikuwa akiishi nusu huku, nusu kule. Kila jioni alifungua ramani kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatembea kwa kidole katika mji wa chuo alichokiomba. Alikuwa ameshauzoea: duka la mikate lenye mlango wa buluu, daraja la mawe, mtaa wenye miti inayoinamiana kama watu wanaonong'onezana, kisha maktaba. Picha zilipigwa siku ya mvua, kwa hiyo kule mvua ilikuwa ikinyesha siku zote, na mwanamke mmoja mwenye mwavuli alikuwa akivuka barabara bila kufika ng'ambo.

Ufadhili ulikuwa wa shahada ya uzamili kwa walimu wa Kiingereza, mwaka mzima, kila kitu kimelipiwa. Mwombaji awe amefundisha miaka mitano, asizidi umri wa miaka thelathini na mitano, na awe na barua ya ruhusa ya mwajiri. Yeye alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja. Mwezi ujao angetimiza thelathini na sita. Ilibaki barua tu, na maombi yote ya wilaya yalikuwa yanaondoka leo saa tisa, ndani ya bahasha moja, kwa gari la ofisi.

"Nenda, mwanangu," mama yake alimwambia alfajiri, akimfunga mjukuu vifungo vya sare. "Huyu nitabaki naye. Mwaka ni nini? Wewe nilikubeba miezi tisa na sikulalamika."

"Ulilalamika, mama. Shangazi alinisimulia."

"Basi kidogo."

Saa nne alikuwa ofisi ya elimu. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwonyesha benchi la ukumbini.

"Faili lako liko kwa mkuu, dada. Tangu wiki ya kwanza limelala."

"Leo litaamka?"

"Tuombe Mungu."

Alikaa. Watu waliingia na kutoka, kila mmoja na karatasi zake na "njoo kesho" yake. Joto la ukumbi likamlegeza. Akavuka daraja la mawe, akapita chini ya miti, akasukuma mlango wa maktaba, na ndani kulikuwa na meza moja, kiti kimoja na ukimya mwingi kiasi kwamba angeweza kusikia wazo lake mwenyewe likifika mwisho. Alikuwa ndio kwanza anavuta kiti alipoitwa. Saa saba na nusu.

Afisa elimu alimkaribisha vizuri. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Mwalimu, maombi yako nimeyapitia. Pale shuleni kwako walimu wa Kiingereza mko wangapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Na wanafunzi?"

"Mia tano na kumi."

"Umeona? Nikikuachia, wazazi nitawaambia nini? Pengo lizibwe kwanza, ndipo uondoke."

"Anayeajiri ni ofisi hii, mzee. Nimeandika barua nne kuomba mwenzangu."

"Nazikumbuka. Barua nzuri sana." Alilifunga faili taratibu. "Una Kiingereza safi, mwalimu. Ndiyo maana hatuwezi kukuachia."

Madam Grama akaanza kuinuka.

"Sasa maadamu uko hapa, nisaidie," afisa akaendelea. "Mtoto wa kiume wa dada yangu, yule wa kitengo cha takwimu, naye ameomba. Alisomea ualimu. Yeye hana darasa, kwa hiyo akiondoka haachi pengo. Maelezo yake ya kuomba ufadhili yana makosa madogo madogo. Kaa hapo kwa karani uyanyooshe. Gari linaondoka saa tisa."

Karani alimpisha kwenye kompyuta. Madam Grama akaanza kusoma, na mwanzoni alifurahi, kama mtu anayesikia lugha ya kwao katika mji wa ugenini. Mwalimu anayehama darasani ili sauti imfikie kila mtoto. Mtoto anayenakili kitabu kizima kwa mkono kwa sababu shule ina nakala tatu. Kwenye aya ya pili akamkuta mama yake, aliyejifunza kusoma kwa kumsikiliza bintiye akirudia masomo. Mkono wake ukasimama juu ya kibodi.

"Nilichapa mimi," karani alisema chini kwa chini, macho mezani. "Kijana aliitoa nakala kwenye faili lako, akaniambia nibadilishe jina tu. Mimi ni mtu wa kuambiwa chapa, nachapa. Nisamehe, dada."

"Nimekuelewa, mama."

Jina la juu lilikuwa la kijana wa takwimu. Baadaye, hapa na pale, alikuwa amejiongezea sentensi zake, ndefu, zenye mapambo, na makosa yote yalikuwa humo. Aya moja tu ndiyo aliyoiondoa. Ilikuwa inaeleza jinsi mwandishi alivyofundisha akiwa na mimba ya miezi tisa, amekalia ndoo iliyopinduliwa kwa kukosa kiti. Jinsi uchungu ulivyomshika ubaoni, akamalizia sentensi ndipo akatoka. Na jinsi alivyorudi baada ya miezi mitatu ya uzazi, akakuta madaftari yote yanaishia tarehe ileile.

Saa ya ukutani ilisema nane na nusu. Angeweza kuinuka aondoke. Badala yake alifanya kazi kama anavyofanya siku zote, bila hasira, nukta kwa nukta, akiuweka kila wakati wa kitenzi mahali pake. Alipomaliza, akairudisha ile aya kwa kichwa, neno kwa neno, bila kuruka hata ndoo.

Karani akainama kusoma. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii nayo naichapa?"

"Mkuu amesema niyanyooshe. Sasa yamenyooka."

Karani alijivutia kibodi. Kisha akabonyeza, na printa ikaanza kunguruma.

Afisa alizipokea kurasa, akazipima mkononi. "Yamerefuka."

"Yalikuwa na pengo, mzee. Nimeliziba."

Afisa alicheka, akapiga mhuri na kutia sahihi bila kusoma, maana Kiingereza kirefu kilimchosha macho. Dereva alikuwa mlangoni tayari, funguo mkononi. Bahasha ikafungwa kwa gundi mbele yao wote.

Madam Grama alisimama ngazini akilitazama gari likisubiri nafasi ya kuingia barabarani. Akaona chumba mahali fulani, kina dirisha kubwa, na watu watatu mezani wanaosoma maombi siku nzima hadi macho yamechoka. Mmoja anafika kwenye ndoo. Anasita, anarudi juu kulitazama jina, la mwanamume, anawasogezea wenzake ukurasa. Wanasoma wote, vichwa vimekaribiana. Wanacheka kidogo. Halafu mmoja wao, mwanamke mwenye mvi, haoni tena cha kuchekesha, anauliza: na wale watoto, miezi yote ile, hakukuwa na mtu?

Gari likaingia barabarani, likapotea kwenye kona. Saa tisa na dakika tano. Kama angeenda kwa miguu bila kusimama, angekiwahi kipindi cha ziada cha kidato cha tatu.